Orodha ya Jina Moja

Shangazi yangu anaitwa Sikujua, na kila aliyewahi kumtania kwa jina hilo alijuta. Ndiye mkubwa kwa baba yangu, anaishi Inyonga, na kwetu neno lake kwenye mambo ya ndoa ni muhuri: likishagongwa, limegongwa. Ana kanuni moja tu maishani, nayo ni kwamba aliyetangulia katangulia. Iwe kisimani, iwe kwenye kugawana vitenge vya marehemu bibi, yeye huuliza nani alifika kwanza, na hapo maneno yanakwisha.

Sasa mimi, Queen binti Methusela, nilikuwa na posa tatu. Sijisifu, nasema kilichokuwapo. Ya kwanza ililetwa na Evarist, mwenye duka la pembejeo pale Kashaulili. Mtu mzuri tu, hana ubaya na mtu, ila akianza habari za mbolea hata mahindi yenyewe yanasinzia. Ya pili ilikuwa ya Abednego, mtoto wa mfugaji mmoja tajiri, niliyemwona mara moja, na muda wote ule alikuwa anaongea na simu yake. Ya tatu ilikuwa ya Heri.

Heri ni kijana wa Katumba. Babu yake alitoka Burundi ule mwaka wa sabini na mbili, akalima tumbaku mpaka akafa raia wa hapa hapa. Nilisoma naye kompyuta chuoni, dawati moja. Nilimpenda tangu siku aliponiomba nimwazime chaja akasahau kwamba simu yake ilikuwa na chaji. Nasema wazi kwa sababu siioni aibu yake iko wapi.

Tatizo lilikuwa shangazi. Alituma ujumbe kwamba Jumamosi atafika kwetu Mpanda kujibu posa, na yeye hujibu posa kwa mpangilio zilivyoingia. Ya kwanza ikiwa haina kasoro, za nyuma hazifunguliwi kabisa. Na Evarist, Mungu anisamehe, hakuwa na kasoro hata ya kusingiziwa. Nilimtafuta kasoro wiki nzima nikachoka.

Baba ana mashine ya kusaga huku Misunkumilo. Mtu asiyeijua mashine yetu atadhani kelele kubwa ni ya injini. Kelele kubwa ni ya foleni. Kina mama hawapangi miguu yao foleni, wanapanga ndoo. Unaleta ndoo yako ya mahindi asubuhi, unaiweka nyuma ya ya mwenzio, halafu unaondoka kwenda kupalilia au kusuka nywele. Ndoo inasimama badala yako. Ukirudi ukakuta ndoo imesogezwa, hapo ndipo utajua majina yote ya ukoo wako, mazuri na mabaya. Kuna mama anaitwa Marsela, mteja wetu wa siku zote, ambaye aliwahi kumfuata mtu mpaka kanisani kwa sababu ya ndoo ya njano.

"Hizi ndoo zitanitoa roho," baba alisema siku moja, ananyoosha mgongo. Heri alikuwepo, amekuja kwa kisingizio cha kusaga mahindi. Hayo mahindi yenyewe nadhani aliyanunua njiani.

"Mzee, mimi na Queen tunaweza kuandika programu," alisema. "Mtu akifika anasema jina lake, kompyuta inalishika. Zamu yake ikifika, spika inamwita. Hamna ndoo, hamna ugomvi."

Baba alimtazama, akanitazama mimi. Si mjinga baba yangu. "Haya. Jumamosi mashine ni yenu. Mimi nitakuwa shamba. Dada akifika, akute watu wametulia. Akikuta wanapigana, mimi simo."

Tuliandika kwa siku chache, chini ya kivuli cha banda la mashine, kompyuta ikiwa imefunikwa kanga isiingie unga. Kazi tuligawana. Mimi niliandika pa kuingilia: jina jipya linakwenda kukaa mwisho wa orodha, nyuma ya mengine. Heri aliandika pa kutokea: mashine ikiwa tayari, orodha inatoa jina moja na spika inaliita. Spika tuliiazima kwaya. Sauti ilikuwa ya mwanamke wa kizungu aliyemo humo kwenye kompyuta, anayeyatamka majina yetu kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

Ijumaa jioni Heri alinionyesha kwamba inafanya kazi. Alikuwa ameshaijaribu kwao Katumba, akasema, na haikukosea hata mara moja. Nilimwamini. Kupenda nako kuna uvivu wake.

Jumamosi niliamka mapema nikaenda stendi kumpokea shangazi. Nilisimama pale, magari ya kutoka Inyonga yakaingia na kushusha watu, kuku na magunia, shangazi simwoni. Simu yake haipatikani. Nikanunua karanga, nikasubiri. Kumbe wakati mimi nahesabu matairi ya mabasi, shangazi alikuwa amepanda lori la mbao, ameshushwa Misunkumilo kabla hata jua halijapanda, na amefika mashineni mtu wa kwanza kabisa, na debe lake la mahindi kichwani. Alikuwa amesikia kwamba huyo wa Katumba atakuwepo, akataka kumwona kwa macho yake, bila mtu kumpangia la kuona.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Shadrack, mwendesha mashine wetu, ambaye ni mgeni kazini na alikuwa hamjui shangazi.

Heri alikuwa amekaa mezani, shati limepigwa pasi. "Karibu mama. Jina lako nani?"

"Sikujua."

"Haina shida mama, ni utaratibu mpya, hata wengine hawajui. Nitajie tu jina."

"Nimesema Sikujua."

"Sasa si umeshajua, mama? Jina."

Shadrack anasema shangazi alivuta pumzi ndefu mpaka yeye Shadrack akamwonea Heri huruma. "Kijana. Baba yangu alirudi safari akakuta nimezaliwa, akasema sikujua. Ndiyo hilo hilo. Andika."

Heri aliandika, akaomba radhi karibu kwa magoti. Jina la shangazi likaingia kwenye orodha tupu, la kwanza kabisa. Shadrack alikuwa bado anaiwasha injini, nayo siku hiyo ilikuwa na ukaidi wake, kwa hiyo shangazi akakaa benchini kusubiri. Wakaja wengine. Marsela, kisha jirani yake Dorotea, kisha kundi zima la kina mama waliotoka kwenye jumuiya. Kila mmoja akasema jina, akakaa. Hamna ndoo kwenye mstari, hamna ugomvi. Heri akaanza kutabasamu.

Injini ikakubali. Spika ikakohoa, yule mzungu akaita jina la mama aliyefika mwisho kuliko wote.

Watu wakadhani labda ana dharura. Akasaga, akaondoka. Spika ikaita aliyefika kabla yake. Halafu akaja mama mwingine, mgeni kabisa, hata jasho la njiani halijakauka, akasema jina lake, na spika ikamwita hapo hapo. Marsela akasimama.

Saa chache baadaye simu yangu iliita pale stendi. "Queen, njoo," Heri alisema kwa sauti ndogo. "Kina mama wananila."

Nilipanda bodaboda. Nilipofika, niliona jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe: foleni ya watu wanaokimbia kuwa mbele. Watu walikuwa wameshaelewa. Wamejificha nyuma ya kibanda cha chipsi na nyuma ya ukuta wa jirani, kila mmoja anamsukuma mwenzake. "Tangulia wewe, dada." "Aa, tangulia wewe, mimi nina subira." Heshima ya namna hiyo haijawahi kuonekana Misunkumilo. Ukijitokeza tu ukaandikwa, na mwingine akaandikwa baada yako, umekwisha, unasubiri mpaka yeye atoke. Dorotea alikuwa amejiandikisha upya mara nyingi hata yule mzungu wa spika alikuwa ameanza kulitamka jina lake vizuri. Ezekia, katekista wetu, alikuja na kiroba chake akaitwa papo hapo, akainua mikono juu. "Imeandikwa!" alisema. "Wa mwisho watakuwa wa kwanza! Kijana, umeileta Injili mashineni!"

"Injili peleka kanisani!" Marsela alimjibu. "Mimi nimefika hapa asubuhi na tumbo tupu!"

Ndipo nilipomwona shangazi. Amekaa benchini, mgongo umenyooka, debe lake katikati ya miguu, unga wa watu wengine umemjaa kwenye kilemba. Amefika wa kwanza, amepitwa na Misunkumilo nzima. Mwanamke wa aliyetangulia katangulia! Magoti yangu yalianza yenyewe kushuka nimwamkie, lakini alinipiga jicho moja, nikanyooka. Jicho lile lilisema: nyamaza, na huyo kijana usimwambie kitu. Nikanyamaza. Moyoni nilikuwa namsindikiza Heri kwenye kaburi lake, na Evarist nyuma yake anagawa mbolea.

"Nionyeshe," nilimwambia Heri. Tuliinama pamoja kwenye kompyuta. Mstari wangu ulikuwa sawa. Nikasoma wake. "Heri. Umeandika pop tupu."

Aliangalia. Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu."

"Nini?" Marsela aliuliza, ameshakuja juu ya mabega yetu. "Pop ndiyo nani?"

Heri angeweza kusema ni hitilafu ya umeme, na watu wangemwamini, maana umeme umebeba lawama nzito kuliko hiyo. Alisimama juu ya gunia. Nilimpenda upya pale pale.

"Kina mama, kosa ni langu," alisema. "Nisikilizeni kidogo. Ndoo zenu mnapanga kwa mstari, iliyotangulia inatoka kwanza. Sahani je? Ukiosha sahani unaweka moja juu ya nyingine. Ukitaka kupakua, unachukua ipi?"

"Ya juu," walijibu.

"Iliyowekwa mwisho. Sasa kompyuta nikiiambia 'pop' tupu, bila kitu kwenye mabano, inatoa la mwisho. Mimi nilitaka ndoo, nimeandika sahani."

Kisha Marsela akapiga makofi mara moja. "Kwa hiyo tangu asubuhi umetupanga kama sahani!"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi niko chini, nimelaliwa!"

Watu walicheka mpaka Shadrack akazima injini asikie. Heri naye akacheka, maskini, cheko la mtu anayesubiri kupigwa. "Naongeza sifuri kwenye mabano, basi. Kompyuta inaanza kuhesabu na sifuri. Wa kwanza ni namba sifuri, anayemfuata ni namba moja. Nikiiandika sifuri, itatoa aliyetangulia."

"Sifuri tu?" Dorotea alisikitika, maana mambo yalikuwa yanamwendea vizuri. "Mwanangu analeta sifuri nyumbani kila muhula, haijawahi kutengeneza kitu."

Majina yalikuwa yametunzwa, hayakupotea. Heri alipokuwa anaandika, shangazi alisema kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kijana. Na mimi ni namba ngapi?"

Heri aliangalia orodha, bila kujua anaongea na nani. "Wewe, mama... wewe ni sifuri."

Nilifumba macho.

"Sifuri," shangazi alirudia.

"Ndiyo mama. Yaani hakuna aliyekutangulia."

Shangazi alilitafuna neno hilo taratibu. Nikaona pembe ya mdomo wake inacheza. Spika ikakohoa, na yule mzungu akaita, kwa kiazi chake cha moto: "Si-ku-ju-a."

Sasa nilipiga magoti, nilishindwa kuvumilia. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyie?"

Heri alikuwa tayari mweupe kwa unga. Sijui weupe mwingine aliutoa wapi. Alishuka magoti naye, hapo hapo kwenye pumba, kama amekatwa kamba. "Shikamoo, shangazi. Nisamehe. Mimi... sikujua."

"Hilo ni jina langu, lirudishe," shangazi alisema, na kina mama wakaangua kicheko kingine, maana sasa kila mtu alikuwa ameshaelewa huyu ni nani na huyu kijana anatafuta nini. Hakuna aliyeondoka. Wengine walishasaga, unga wao uko kichwani, wamesimama tu. Baba naye alikuwa ameingia kutoka shamba, jembe begani, akaona dada yake amejaa unga, akaegemea ukuta. Alisema yeye hamo, na kweli hakuwemo.

Shangazi alijipangusa kilemba. "Umeshaitengeneza?"

"Ndiyo, shangazi. Sasa aliyetangulia ndiye anayetoka kwanza."

"Vizuri. Hiyo ndiyo haki, na ndiyo kanuni yangu. Lakini posa za huyu binti ziko tatu, na yako ni ya tatu. Ile ya asubuhi, ya sahani, ingekufaa. Hii uliyoitengeneza inakuweka nyuma ya watu wawili. Unaona ulichofanya kwa mkono wako?"

Heri aliona. Mimi pia niliona. Angeweza kusema neno la ujanja, na Ezekia alikuwa tayari na aya nyingine mdomoni. Heri alinitazama, kisha akamtazama shangazi. "Naona, shangazi. Lakini siwezi kuwapanga kina mama kama ndoo halafu nafsi yangu niipange kama sahani."

"Hm," alisema shangazi. Alikaa tena benchini. "Kuna kitu kinanisumbua. Nyie mmesoma. Kosa kubwa hivi, mtu amekaa chini ya mrundo siku nzima, mlikuwa hamjaijaribu?"

"Nilijaribu, shangazi. Nyumbani. Ilifanya vizuri kila mara."

"Ilifanyaje vizuri?"

Heri akainamisha kichwa. Masikio yake yalikuwa mekundu chini ya unga. "Niliweka jina moja tu. Likiwa moja, huwezi kuliona kosa. Linaingia, linatoka."

"Jina la nani?"

Heri alianza kuchora kwa kidole kwenye pumba.

"Kijana, nimekuuliza, jina la nani?"

"Queen," alisema.

"Kila mara?"

"Kila mara, shangazi. Sikufikiria kuweka jingine."

Marsela alitoa mlio kama wa mtu aliyekanyagwa na furaha. Mimi nilikuwa sijui niifiche wapi sura yangu. Kumbe usiku kucha huko Katumba mtu alikuwa ananiingiza na kunitoa, ananiingiza na kunitoa, na kuona dunia iko sawa. Machozi yalinitoka na nilikuwa nacheka.

Shangazi alinigeukia. Hakuna aliyewahi kuniuliza tangu posa ya kwanza ilipokuja, na sasa mashine yote ilikuwa inanisikiliza. "Na wewe, Queen. Orodha yako ina majina mangapi?"

"Moja, shangazi."

"La huyu?"

"La huyu."

"Haya, nyie wasomi. Orodha ikiwa na jina moja, wa kwanza ni nani na wa mwisho ni nani?"

"Ni huyo huyo," Heri alisema, polepole, kama mtu anayeogopa kuamka.

Vigelegele vilianza kwa Dorotea, vikapokelewa na wengine, lakini shangazi akainua mkono, na vikakatika. "Bado! Mimi sijaacha kanuni yangu. Aliyetangulia katangulia. Evarist alitangulia, kwa hiyo Evarist atajibiwa kwanza, na jibu lake ni hapana, nami nitamwambia kwa mdomo wangu kwa heshima zote, maana ni mtoto wa watu. Abednego atajibiwa wa pili, na jibu lake ni hilo hilo. Kisha ndiyo nitafika kwako. Wewe kaa hapa." Alipiga benchi kwa kiganja, palepale alipokuwa amekaa yeye. "Kaa usubiri zamu yako. Mimi nimesubiri yangu tangu asubuhi."

Akamwachia Shadrack debe lake la mahindi, akaita bodaboda, akaondoka kwenda Kashaulili, akiwa na unga kichwani na miguu imening'inia upande mmoja kama bibi harusi.

Heri alikaa benchini. Baba alimletea maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kumfanyia hata mchungaji. Kina mama waliendelea kusaga, ndoo kwa ndoo, kila aliyetangulia akitangulia. Hakuna aliyegombana, isipokuwa Dorotea, aliyekuwa anadai ile ya asubuhi ilikuwa bora zaidi. Mimi nilikaa pembeni ya Heri. Baba wa Abednego alipigiwa simu kutoka dukani kwa Evarist, nikaja kuambiwa baadaye, na Evarist mwenyewe, roho safi jamani, ndiye aliyempa shangazi salio la kupigia. Akampa na kilo chache za mbegu.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka shangazi aliporudi. Alikwenda moja kwa moja kwa Shadrack, akachukua unga wake, akauonja kwa kidole, akaridhika. Kisha akaja mezani, akasimama nyuma ya kompyuta.

"Hapa pa kuingilia ni pako?" aliniuliza.

"Ni pangu, shangazi."

"Orodha imebaki na nani?"

"Haina mtu. Wote wamesaga."

"Basi ingiza jina moja."

Niliingiza. Vidole vilinikosea herufi, nikafuta, nikaandika tena. Spika ya kwaya ikakohoa, na yule mwanamke wa kizungu, ambaye siku nzima hakuwahi kupatia jina la mtu isipokuwa la Dorotea, alilitamka hili vizuri kabisa, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Heri."

Akasimama.